Bilauri Ishirini na Nne za Maracuja

Jumapili iliyopita wenzangu wa ofisini walinishika mkono wakaniteremsha mpaka Ibanda, kule ambako ardhi inaingia ziwani kama mguu wa mtu anayepima baridi ya maji. Walisema pamefunguliwa resto mpya, na kwamba mtu ambaye hajakaa kwenye baraza lake asidai kuwa anaijua Bukavu. Nikacheka hadi nikakohoa. Mimi niliyezaliwa Bukavu, nikaacha shule Bukavu, nikarudi shule Bukavu kwa masomo ya jioni nikiwa tayari na watoto watatu, nikanenepea Bukavu! Lakini nilienda. Tangu nibatizwe sijawahi kukataa mwaliko wa chakula.

Na wewe, rafiki yangu wa siku nyingi, najua iko siku utakuja mjini uniulize wapi pa kula, kwa hiyo bora nikuambie mapema. Nenda kwenye hiyo resto ya ziwani ule sambaza, wale samaki wetu wadogo. Wanakuletea kilima kizima, wamekaangwa wakakauka, ndimu na pilipili pembeni, na ukitafuna mmoja tu, watu wa ng'ambo, upande wa Rwanda, wanageuka kuuliza nani anavunja kuni. Halafu panda Nyawera. Nyuma ya mabenki kuna binti anayepika sombe mpaka majani ya muhogo yanasahau kwamba yaliwahi kuwa majani, na bugali wake ni laini, wa mviringo, kama upara wa askofu. Ukibakiza nafasi tumboni, malizia Muhumba kwa brochette za mbuzi. Zile ukizitazama kwa ukali, nyama inaanguka yenyewe kutoka kwenye kijiti. Nimezizunguka zote na ninasema bila aibu: vijana hawa wanaijua kazi. Wapishi wana kofia nyeupe ndefu kama minara. Chooni kuna sabuni, na juu ya sabuni kuna maji! Sijui kama mbinguni wana zaidi.

Basi, tulipokaa pale ziwani, mhudumu akaleta vinywaji. Juisi za rangi tatu katika bilauri ndefu, zimeshamiminwa huko ndani tusikoona, na mrija juu. Wenzangu, ambao kwangu ni watoto wa juzi, wakavuta mirija huku macho yako kwenye simu. Hakuna aliyeuliza nani alimimina. Mimi peke yangu nilibaki na mikono mapajani. Harufu ya maracuja, yale matunda ya pasheni, ikanipanda puani, na palepale nikawa na miaka tisa, niko kwa koko.

Koko, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, alikuwa mama wa baba yangu. Alitoka Nyangezi akiwa msichana, akaolewa mjini, akafiwa na mume mapema, akageuza sebule yake kuwa mahali pa kula. Meza sita, viti visivyofanana, dirisha moja la kuona ziwa kama ukiinama. Kibao cha mlangoni hakikuwepo. Kibao chake kilikuwa harufu. Saa tano asubuhi maharagi yake yalipoanza kuchemka juu ya makaa, walimu wa shule ya jirani waliacha sentensi katikati, na nasikia kuna hakimu aliyeahirisha kesi ili asikose bugali wa moto. Wakati ule hatukuwa na neno la kusema resto fulani inavuma. Lakini ya koko ilivuma, tena ilivuma hadi bati za paa zikatikisika.

Nilikua ndani ya sauti za nyumba ile. Mchi ukitwanga sombe uani tangu jua halijapanda, tu, tu, tu, mpaka leo moyo wangu unadunda kwa mwendo huo. Mawe madogo ya maharagi yakianguka kwenye sahani ya bati tulipokuwa tukichambua. Mwiko ukigonga ukingo wa sufuria mara tatu, maana yake bugali umeiva na asiyenawa mikono shauri yake. Na mashanza, yale maziwa yaliyoganda, yakimwagika kutoka kwenye kibuyu kwa uvivu, blup, kama mzee anayeketi. Koko alikuwa na msemo wake: “Tumbo ya mugeni ni mali ya mwenye nyumba.” Akisema hivyo, ujue kuna mtu ataongezewa nyama.

Sasa lazima nikueleze jambo, kama wewe si wa huku. Watu wa Bukavu tunapendana sana, lakini bilauri ni habari nyingine. Watu wanaogopa karuho, sumu ya polepole, ambayo inasemekana mtu huificha chini ya ukucha akaidondosha kwenye kinywaji chako huku anakuuliza habari za watoto. Kama ipo au haipo mimi sijui, masomo ya jioni hayakufika huko. Ninachojua ni adabu iliyozaliwa na hofu hiyo: chupa hufunguliwa mbele ya macho yako, ukienda haja, ukirudi bilauri yako huigusi tena, na anayekukaribisha huonja kwanza. Asipoonja, hajakosa adabu tu. Amejishtaki mwenyewe.

Na kwa koko, mwonjaji nilikuwa mimi.

Ndiyo, ilikuwa kazi yangu, na nitakuambia ukweli, sijapata nyingine nzuri kama ile. Kila siku isiyo ya shule, na hata za shule nilipokimbia mapumziko ya saa sita, nilisimama katikati ya sebule, koko akanipa kijiko cha kila sufuria mbele ya wateja wote. Sombe, nikameza. Maharagi, nikameza. Samaki, nikameza na kulamba. Walipoona nimemeza na bado nacheka, wakasema bon appétit na kuanza kula. Mtu hawezi kuchezea maisha ya mjukuu wake, ndivyo walivyofikiri, kwa hiyo tumbo langu lilikuwa muhuri wa nyumba. Shuleni waliniita Kionjo. Siku mwalimu alipotuuliza kila mmoja anataka kazi gani akikua, wengine wakasema daktari, wengine rubani. Mimi nikasimama nikasema, “Mwalimu, miye niko na kazi tayari.” Alinipiga kwa rula, lakini Jumamosi alikuja kula kwetu na akanisubiri nimeze kwanza.

Ndipo akarudi tantine kutoka Kinshasa. Alikuwa binti pekee wa koko, dada ya baba yangu, na alikuwa amefanya kazi kwenye hoteli kubwa huko. Sijawahi kuona mikono kama ile. Alikunja kitambaa cha mezani kikawa bata, na ukimtazama vibaya bata yule anaruka. Alitandika meza zetu sita nguo nyeupe, akatupa nje vikombe vya plastiki, akaleta bilauri za kioo zilizolia zikiguswa. Wateja walianza kuja wamevaa kravati. Nakuapia, tantine ndiye mama wa resto zote hizi unazoziona leo, ingawa hakuna anayejua.

Jambo moja tu lilimchoma: mimi. Alisema kumwonjesha mtoto mbele za watu ni mambo ya kijijini.

“Maman, mu hoteli kubwa habaonjeshake batoto chakula ya bageni. Ni haya.”

“Mu hoteli kubwa bageni banalala palepale,” koko akamjibu. “Huku kwangu banarudia kwabo, na banapaswa kufika.”

Walibishana wiki nzima. Lakini koko alimpenda sana yule binti, na tantine alikuwa amerudi na mabegi mawili na huzuni ambayo hakuwahi kutuambia. Mwishowe koko akakubali: kwa Jumamosi moja, tantine apange kila kitu kwa namna yake. Nami nikapewa gauni la njano na kustaafishwa nikiwa na miaka tisa.

Jumamosi hiyo haikuwa ya kawaida. Jirani yetu, mama wa nyumba ya pili, alikuwa anamwoza binti yake. Nyumba yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo akaomba wazee wa upande wa mwanamume wapokelewe kwa koko. Walikuja kutoka Miti, watu ishirini na wanne, saa saba mchana, jua kali, vumbi la barabara limewageuza wote rangi moja. Mbele yao alikuwa muzee mrefu mwenye kofia nyeusi na fimbo. Walikaa. Jikoni kulikuwa na wanawake wengi waliokuja kusaidia, wengine hata sikuwafahamu. Koko alikuwa amejifunga kwenye sufuria ya bugali ambayo ungeweza kuogeshea ng'ombe ndani yake.

Mlango ukafunguka. Tantine akaingia na sinia, nyuma yake jirani na sinia la pili. Bilauri ishirini na nne za juisi ya maracuja, baridi, zimejaa sawasawa, kipande cha ndimu kimekaa ukingoni kama jogoo juu ya ukuta. Zilikuwa nzuri hivi kwamba mimi mlangoni nilimeza mate. Tantine akaweka moja mbele ya kila mgeni na kutabasamu.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Niliona macho ya wale wazee yakienda kwenye bilauri, yakaenda kwenye mlango wa jikoni, yakarudi. Zimeshamiminwa. Zimemiminwa ndani, na watu wasiojulikana.

“Aksanti sana, binti yangu,” muzee akasema. “Siye hatuko na kiu.”

Watu waliotoka Miti katika jua lile, midomo imepasuka kama udongo, hawana kiu! Na mwingine: “Tulikunywaka mu njia.” Na mwingine: “Miye munganga alinikataza sukari.” Papa mmoja, baba mnene wa makamo, akasema yeye anafunga.

“Unafunga siku ya ndoa?” jirani akamuuliza.

“Niko nafunga juu ya ile ndoa, maman.”

Tantine bado alitabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limesahauliwa usoni kama nguo kwenye kamba. “Ni maracuja tu, papa. Imetoka mu frigo sasa hii.”

“Tunaiona,” muzee akasema taratibu. “Tunaiona muzuri sana.”

Elewa kilichokuwa mezani, rafiki yangu. Wageni wale wangerudi Miti na koo kavu, na kabla jua halijazama soko lote la Kadutu lingejua kwamba kwa koko watu wamekataa kunywa. Kesho yake asingeingia mtu, hata kwa kualikwa. Resto ya kwetu haifungwi kwa kufuli, inafungwa kwa midomo. Na koko hakuwa na kitu kingine duniani isipokuwa sebule ile na jina lake.

Koko akatoka jikoni na unga mikononi. Alitazama bilauri zilizojaa, akatazama nyuso, na hakuuliza kitu. Alichukua bilauri ya kwanza, ile ya mbele ya muzee, akanywa nusu, akairudisha. Halafu maman mmoja wa Miti akamnong'oneza mwenzake kwa mnong'ono ambao ungeweza kusikika Nyangezi:

“Yeye anaweza kunywa. Mwenye kutega mutego anajua penye kukanyaga.”

Koko akasimama. Akatazama bilauri tena, akamtazama tantine, akamtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea. Kisha akageuka mlangoni.

“Kuya hapa, mujukuu yangu. Onja.”

Nikaenda na gauni langu la njano. Nilikuwa na furaha, sikufichi; nilirudishwa kazini! Nikashika bilauri ya muzee nikapiga funda kubwa. Tamu! Nikaiweka chini. Yule maman wa mnong'ono akanyoosha kidole.

“Ile ndo ya muzee. Na ya kwangu?”

Basi nikaonja ya kwake. Na ya papa anayefunga. Na ya aliyekatazwa sukari. Mtu mwenye akili angegusisha midomo tu, lakini mimi nilikuwa fundi, sikujua kuonja kwa uongo. Mafunda ishirini na manne. Nilipomaliza, tumbo lilikuwa ngoma, na nadhani ziwa lilikuwa limepungua kidogo.

“Muzuri,” muzee akasema. Akavuta kiti. “Sasa ikaa hapa karibu na miye. Tuongee kidogo.”

Nikajua. Walikuwa wanasubiri waone kama nitaanguka. Watu ishirini na wanne walinitazama kama sufuria ya maziwa iliyo karibu kufurika.

“Uko mwaka gani ya masomo?”

“Ya tatu, muzee.”

“Tumbo iko namna gani?”

“Iko muzuri.”

“Na kichwa?”

“Kichwa iko pale.”

Haikuchukua muda, ile juisi ikaanza kutafuta njia. Mwanzo ni kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kisha akaanza kubisha kwa ngumi. Choo kilikuwa uani, hatua ishirini. Lakini nilimwona koko ukutani, mikono nyuma, na nilielewa jambo ambalo hakuna aliyenieleza: nikiinuka sasa na kukimbia nje nimejikunja, nimeshika tumbo, ndiyo basi. Watasema karuho imeshika. Sitakuwa hata nimefika mlangoni, nao watakuwa wamefika Miti. Kwa hiyo nikakaza. Nikabana miguu. Jasho likatoka.

“Mbona unatoka jasho?”

“Ni joto, muzee.”

“Na miguu? Juu ya nini unaibana?”

“Mwalimu alisema binti anaikaa vile.”

Nilihesabu bata wa tantine mezani. Nilisali salamu Maria zote ninazozijua na moja niliyoitunga. Nadhani nilikaa pale mwaka mmoja na nusu. Wageni walianza kunong'ona. Uso wangu, waliniambia baadaye, ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, na maman wa mnong'ono alishaanza kukusanya kikwembe chake, nguo ya kiunoni, ainuke. Tantine alikuwa amefunika mdomo. Nikaona nitafia pale, na nikifa ndiyo mbaya zaidi. Nikasimama wima kama askari.

“Muzee! Miye nataka kukojoa!”

Koko akafumba macho.

“Unasema nini?”

“Nataka kukojoa! Nilikunywa juisi ya batu ishirini na ine!”

Muzee akanitazama. Mdomo wake ukaanza kucheza pembeni, halafu mabega, halafu kofia nyeusi ikamdondoka kichwani. Alicheka hadi fimbo ikaanguka. “Sumu,” akasema akijifuta macho, “sumu haiombake ruhusa. Mumupeleke, mutoto atapasuka!”

Lakini watu wa kwetu hawamalizi kazi nusu. Maman wawili wa Miti walinisindikiza uani mbio, mmoja kulia mmoja kushoto, kama walinzi wa gavana, wakasimama mlangoni mwa choo kusikiliza. Na mmoja wao, yuleyule wa mnong'ono, akapaza sauti kuelekea dirishani:

“Iko anakojoa tu! Iko anakojoa kama mvula ya mwezi wa ine!”

Nilikuwa ndani, gizani, nimeegemea ukuta. Kisha nikasikia bilauri moja ikiwekwa mezani, tupu, ule mlio wa kioo. Kisha ya pili. Kisha nyingi, kama mvua inayoanza kwenye bati, na vicheko juu yake, na mtu akiuliza kama maracuja ingine haiko. Nikajua jina la koko limebaki salama.

Niliporudi, muzee alikuwa anadai aongezewe, “lakini sasa mumimine huku, siye tukiangalia.” Tantine akaleta jagi. Mkono ulikuwa bado unamtetemeka, basi akalinyanyua juu sana ili asiguse ukingo, na juisi ikashuka kwa uzi mrefu wa dhahabu toka juu mpaka ndani ya bilauri, bila tone kumwagika. Wageni wakapiga makofi. Kuanzia siku hiyo akamimina vile daima, mbele ya mteja, jagi juu ya kichwa, na watu walikuja kutoka kila upande wa mji kuona tu akimimina. Ndoa ikafungwa. Mimi nikarudishiwa kazi yangu yote, na mguu mmoja wa kuku kila Jumapili.

Jioni, jua likiwa bado juu ya ziwa, wageni wameondoka, nilikaa na koko uani tukipanguza bilauri. Tantine alikuwa ndani ya jikoni, mlango wazi, anaosha. Nikamuuliza koko kama hakuogopa kunituma mbele ya watu wale.

“Siku zote miye naonja mbele yako,” akasema. “Mu kijiko ingine, pale nyuma ya mulango. Unazania naweza kukutuma pahali miye sijapita?”

Sikuwa nimejua. Miaka yote nilidhani mimi ndiye wa kwanza.

“Na leo?”

Alipanguza kioo ambacho kilikwisha kung'aa.

“Leo sikuonja nyuma ya mulango. Nilikunywa moja tu, zingine sikuzigusa. Na jikoni mulikuwa batu bengine sikubajua. Miguu ilinitetemeka.” Kisha akasema, bila kupunguza sauti, “Lakini mukono yenye ilimimina, niliijua. Ilikuwa ya binti yangu.”

Ndani ya jikoni maji yaliacha kumwagika. Halafu tantine akaanza kuosha tena, polepole.

Koko ameondoka siku nyingi. Tantine naye alimfuata, na pale palipokuwa sebule yetu pamejengwa ghorofa la vioo ambalo sijui ndani wanauza nini. Hofu nayo imepungua, namshukuru Mungu. Vijana wanakunywa bila kutazama, na mji unaokunywa bila kutazama ni mji uliopona kidogo. Na nikiri, maana mimi si mtu wa kuficha: sambaza wa siku hizi ni watamu kuliko wa koko, mbuzi ni laini zaidi. Siku hizi ukitaka kujua kama pa kula ni pazuri, unafungua simu unahesabu nyota. Ni jambo jema, mimi mwenyewe nimeshatoa nyota tano mara nyingi, hata kwa chai. Lakini nyota haijawahi kubana mkojo kwa ajili ya mtu. Na katika resto zote nzuri za Ibanda, nimeketi, nimekula, nimeshiba na kusifu, na sijui tena kama kuna mtu nyuma ya mlango ambaye miguu inamtetemeka mpaka nimalize kumeza.